Mfupa Kuunga Si Ruhusa ya Kupanda Farasi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nipinge ushauri ambao wapanda farasi wanarithishana kizazi hadi kizazi: ukianguka, panda tena papo hapo, la sivyo woga utaota mizizi. Kwa mtoto aliyeteleza akaangukia nyasi na kuinuka akijipangusa vumbi, ushauri huo hauna madhara makubwa. Kwa mtu mzima aliyevunjika nyonga, mtulinga au pingili ya mgongo, au aliyejigonga kichwa, unaweza kumrudisha hospitali. Napinga pia kosa linalofanana nao: mtu amekaa kando miezi mitano au sita, daktari amemwambia mfupa umeunga, na kesho yake yuko juu ya farasi saa nzima kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nianze na kichwa, maana hapo hapana mjadala. Aliyepata mtikisiko wa ubongo hapandi tena siku hiyo, hata akiapa kwamba yuko sawa. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, macho kuumizwa na mwanga, kusahau kilichotokea: dalili hizi zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Pigo la pili kabla ya la kwanza kupona linaweza kuuvimbisha ubongo ghafla na kuua. Madaktari wa michezo humrudisha mtu kwa ngazi. Kwanza ni siku moja au mbili za kupunguza shughuli, kisha kazi nyepesi za kila siku, kisha mazoezi ya kupandisha mapigo ya moyo, kisha mazoezi ya mchezo wenyewe yasiyo na hatari ya kugonga kichwa. Kila ngazi huchukua angalau saa 24, na dalili zikirudi unashuka ngazi moja. Wapanda farasi wengi hukosea hapa kwa kudhani kukaa juu ya farasi anayetembea ni zoezi jepesi. Si jepesi. Farasi mpole kabisa anaweza kushtuka na kuruka pembeni, kwa hiyo kupanda ni mwisho wa ngazi, baada ya daktari kukubali.

Mfupa nao una ratiba yake. Katika wiki mbili tatu za mwanzo hushikwa na tishu laini tu. Mfupa mpya mgumu hujengeka takriban kati ya wiki ya 6 na ya 12. Baada ya hapo mwili huendelea kuuchonga na kuupanga upya kwa miezi, hata miaka. Eksirei ikionyesha kwamba umeunga, imezungumzia mfupa peke yake. Haisemi lolote kuhusu msuli wa paja uliosinyaa ndani ya plasta, ligamenti ya goti iliyonyooka kupita kiasi, au kifundo cha mguu kilichopoteza uwezo wa kuhisi kimekanyaga wapi. Na daktari asiyejua farasi akisikia "kupanda" huwaza kukaa. Mweleze vizuri. Kichwa cha mpandaji kiko kama mita mbili na nusu kutoka ardhini. Ukikaa kwenye tandiko bila kunyanyuka farasi akiwa katika mwendo wa matiti, yaani ule wa midundo miwili ulio kati ya kutembea na mbio, nguvu kati yako na tandiko hufika karibu mara mbili ya uzito wako kwa kila mdundo, na yote hupita kwenye nyonga na mgongo. Kisha muulize swali moja lililonyooka: nikiangukia upande huu kutoka kimo hicho, mfupa utahimili?

Yako mambo mengine manne ya kumtajia, hata kama hakuuliza. Kama umetolewa vyuma, mashimo ya skrubu huacha mfupa ukiwa dhaifu kwa muda, kwa hiyo siku ya kutolewa vyuma ni mwanzo wa kusubiri upya. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, pigo dogo la kichwa linaweza kuvujisha damu ndani bila kuonekana. Kama bado unameza dawa kali za maumivu, usipande: zinaficha maumivu yaliyopaswa kukusimamisha, na zinachelewesha mikono yako. Na kama umepita miaka 50 na mfupa ulivunjika kwa mwanguko mdogo, omba kipimo cha uzito wa mifupa kabla hujafikiria tandiko.

Baada ya ruhusa ya daktari, mwili ufanyiwe mtihani nyumbani, bila farasi. Simama kwa mguu mmoja sekunde 30, kisha mwingine, macho yakitazama mbele. Mguu ulioumia ukiyumba sana kuliko mzima, bado. Inuka kwenye kiti mara kumi bila kushika popote. Panda kidaraja cha sentimita 20 na ushuke taratibu kwa mguu ulioumia, goti lisilale ndani. Tembea kwa kasi dakika 30 na uangalie siku ya pili, si siku hiyo, kama maumivu yameongezeka. Laza mwili sakafuni na uinuke bila msaada wa mkono ulioumia. Kwa bega, mtulinga au kifundo cha mkono, jisukume kutoka ukutani kwanza, baadaye kutoka mezani. Farasi akinyoosha shingo ghafla hatamu hukuvuta mbele, na mkono usioweza kubeba uzito wako kwenye meza hautauzuia mwili usiende. Anayeshindwa jaribio moja hajashindwa safari. Amejua tu kazi ya wiki mbili tatu zijazo ni ipi, na mtaalamu wa fiziotherapia atampa mazoezi yake.

Kuna mgonjwa mwingine ambaye husahaulika, naye ni farasi. Mtu aliyeanguka hupigwa picha, hufungwa plasta, huchuliwa na kuombewa. Farasi aliyemrusha hurudishwa zizini, na miezi sita baadaye hutandikwa tandiko lilelile. Kama mwanguko ulitokana na farasi kurusha miguu ya nyuma au kukataa kusonga, daktari wa mifugo amwangalie mgongo, miguu na meno, na mjuzi wa matandiko aangalie tandiko likiwa mgongoni bila pedi. Pitisha kiganja chini yake kuanzia mbele hadi nyuma: panapobana vidole ndipo panapomuuma. Pitisha vidole kwenye misuli ya pande mbili za uti wa mgongo kwa mkandamizo wa wastani; farasi anayeinamisha mgongo, kulaza masikio nyuma au kutaka kuuma anakujibu. Farasi hubadilika umbo katika miezi ya kupumzika. Huota tumbo, hupungua misuli ya mgongo, na tandiko lililomkaa vizuri mwaka jana sasa humyumba. Kumpanda kabla ya kulikagua ni kujiandalia ajali ileile mara ya pili.

Hata hivyo, farasi wa kurudia asiwe yule aliyekuumiza. Awe farasi aliyekomaa, wa miaka kumi hadi kumi na minane, aliyezoea wanafunzi, wa kimo cha wastani, tuseme sentimita 147 hadi 157 mabegani, ili usipande mlima na ukianguka usianguke kutoka paa. Kwa aliyeumia nyonga au kinena, upana wa farasi una maana kuliko kimo chake: mgongo mpana hufungua mapaja kupita uwezo wa kiungo, na dakika kumi juu yake huweza kuumiza kuliko nusu saa juu ya farasi mwembamba. Uzito wako pamoja na tandiko usizidi asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Waliolazwa muda mrefu huongezeka kilo bila kujua, kwa hiyo pima. Muulize mmiliki bila kuona haya. Alipandwa lini mara ya mwisho? Anasimama tuli mtu akipanda? Akiachwa peke yake hupiga kelele? Amekula nafaka kiasi gani wiki hii, na amekuwa malishoni saa ngapi? Farasi mpole aliyefungiwa siku tatu kwa ajili ya mvua si yule mpole uliyeahidiwa. Siku ya kwanza aliyezoea kumpanda ampande kwanza dakika 15, mbele ya macho yako.

Vifaa ndipo watu hubana matumizi pasipostahili. Helmeti iliyokuwa kichwani siku ya ajali imekwisha kazi yake, hata kama haina mkwaruzo. Povu gumu la ndani hupondeka mara moja na halirudi lilivyokuwa, na macho hayawezi kuona palipopondeka. Hata ile ambayo haijawahi kuanguka, watengenezaji wengi hushauri ibadilishwe baada ya miaka mitano hivi, kwa sababu jasho, joto na kubwagwa kwenye gari huichosha. Nunua mpya, na soma lebo ya ndani utafute viwango kama PAS 015, VG1 au ASTM F1163. Ivae bila kufunga mkanda, inama, tikisa kichwa: ngozi ya paji la uso itembee pamoja nayo. Ukingo wa mbele ukae kama vidole viwili juu ya nyusi. Wengi huivaa ikiwa imerudi nyuma kisogoni, na hapo paji la uso limebaki wazi.

Kizibao cha kinga cha povu, daraja la 3 la kiwango cha EN 13158, hupunguza mbavu kuvunjika na michubuko. Hakizuii mgongo kujikunja, na asikuuzie mtu kwa ahadi hiyo. Kikaze mwilini, na ukikaa kwenye tandiko ukingo wake wa chini uache nafasi ya vidole vinne. Kikigusa tandiko kitakusukuma mbele kila hatua. Kile cha kujaa hewa, kinachofungwa kwa kamba kwenye tandiko, kina kosa lake maalumu: mtu husahau kufungua kamba kabla ya kushuka, kikajaa ghafla kwa kishindo, na farasi akaruka kwa mlio huo wakati mguu mmoja ungali kwenye kikuku, ile pete ya tandiko ya kukanyagia.

Kikuku chenyewe kiwe na upana wa sentimita mbili na nusu zaidi ya kiatu kwenye sehemu yake pana. Kikiwa chembamba kitashika mguu. Kikiwa kipana mno mguu wote utapenya. Kiatu kiwe na kisigino kifupi na soli isiyo na meno. Aliyevunjika kifundo cha mguu atumie vikuku vya usalama vinavyofunguka upande, kwa sababu mguu uliokakamaa hautoki haraka. Na kuna jambo dogo linalowapita hata wakongwe: fungua kanda mbili za vikuku, zilaze sambamba mezani. Ule wa kushoto mara nyingi umerefuka, maana ndio hubeba uzito kila unapopanda. Tofauti ya sentimita moja au mbili inatosha kukukalisha upande, na mtu aliyetoka kuvunjika nyonga atadhani mwili wake ndio uliopinda. Zibadilishane pande kila mwezi.

Sasa siku yenyewe. Kabla yake, wiki moja au mbili ziwe za ardhini: kumpiga brashi, kumwongoza kwa kamba, kumsimamisha, kumrudisha nyuma hatua tatu, kuinua kwato zote nne na kuzisafisha. Kuinama na kuinua kwato ni mtihani mzuri wa mgongo kuliko zoezi lolote la zuliani, na ukishindwa kuinua kwato ya nne hujafika siku ya kupanda. Huku chini pia ndiko woga unakozungumza mapema. Mkono unaotetemeka ukifunga bizimu ni habari muhimu kwa mwalimu.

Panda kutoka jukwaa la kupandia, usipande kutoka ardhini. Jukwaa liwe na kimo cha kukuwezesha kuingiza mguu kwenye kikuku bila goti kupita nyonga. Farasi asimame sawia kwa miguu minne, msaidizi mmoja akiwa kichwani na mwingine upande wa pili akivuta kikuku chini ili tandiko lisizunguke. Mkanda wa tumbo ukazwe kabla ya kupanda, na ukazwe tena baada ya dakika tano au kumi za kutembea, kwa kuwa farasi wengi hujaza kifua wakati wa kufungwa kisha hutoa. Mkono wa kushoto ushike hatamu pamoja na singa za shingoni. Mkono wa kulia usivute ukingo wa nyuma wa tandiko, kwani ndiko unakolipotosha, uweke mbele. Mguu ukiwa ndani ya kikuku, elekeza ncha ya kiatu chini ya mkanda isimchome ubavuni, simama kwenye kikuku, tulia pumzi moja, ndipo uvushe mguu wa pili. Aliyekakamaa nyonga akunje goti na kuinamia shingo ya farasi wakati wa kuvusha. Mguu ulionyooka hugonga kiuno cha farasi, na farasi akigongwa kiunoni husonga ukiwa bado hewani. Kaa kama unayeketi juu ya yai. Kama mguu wa kushoto ndio ulioumia, panda kutoka kulia, lakini farasi afundishwe hilo kabla, na mtu mwingine, si siku yako.

Kushuka hupewa dakika moja ya mawazo, nako ndiko kunakorudisha wengi kwa daktari wa kifundo. Toa miguu yote miwili kwenye vikuku, inama mbele, vusha mguu, lala tumbo kwenye tandiko, teleza polepole, magoti yakiwa laini. Bora zaidi, shukia jukwaa lilelile.

Mara ya kwanza kaa dakika kumi. Najua zitaonekana kama matusi kwa mtu aliyewahi kuruka vizuizi. Kwa dakika kumi za mwanzo mwili hukumbuka kila kitu na moyo hujaa furaha, na hapo ndipo mtu husema "nizunguke tena kidogo". Misuli ya ndani ya mapaja, ambayo hakuna kazi ya mjini inayoijenga, huishiwa nguvu kati ya dakika ya 15 na ya 20 bila kupiga hodi. Ikiishiwa, magoti hubana, kisigino hupanda, kiwiliwili husogea mbele, na mpandaji sasa amekaa kama pini ya nguo juu ya kitu cha mviringo. Hapo farasi akijikwaa tu, unatoka. Kwa hiyo shuka ungali na hamu. Pumzika saa 48, kwa sababu uchungu wa misuli hufika kilele siku ya pili, si ya kwanza, na anayepanda kesho yake hupanda kabla hajajua alichojifanyia. Maumivu ya kiungo kilichoumia yakiwa matatu kwa kumi na yakarudi kawaida ndani ya saa 24, ongeza dakika tano mara ijayo. Yakizidi hapo, rudia kiwango kilekile au punguza.

Kutembea kuna thamani kubwa kuliko wengi wanavyokupa. Farasi akitembea, mgongo wake huisogeza nyonga ya mpandaji mbele na nyuma, juu na chini, kulia na kushoto, kwa mfumo unaofanana sana na binadamu anapotembea; ndiyo sababu wataalamu wa tiba huutumia mwendo huo kwa watu wenye matatizo ya neva na misuli. Wiki tatu au nne za kutembea tu si adhabu. Ndani yake kuna kazi: kusimama na kuondoka, duara la mita 20, kutoa miguu kwenye vikuku, kufumba macho farasi akiongozwa na kutaja kwa sauti mguu wake upi wa nyuma unakanyaga.

Mwendo wa matiti uje unapoweza kutembea dakika 30 bila kuhema wala kubana, na uje vipande vipande: sekunde 30, kisha dakika mbili za kutembea, mara nne au tano. Nyanyuka na kuketi kwa kufuata mdundo, usikae wakati wote, ili mgongo upumzishwe nusu ya midundo. Bora ufanye ukiwa unazungushwa kwa kamba ndefu, mwalimu ameshika farasi, nawe umeshika mshipi wa shingoni badala ya hatamu. Mshipi huo ni ukanda wa ngozi tu unaofungwa shingoni mwa farasi, lakini huokoa mdomo wake: mpandaji akipoteza mizani hushika kilicho mkononi, na kama ni hatamu, lijamu hupiga mdomo, farasi huinua kichwa, na mizani huzidi kupotea. Mbio za midundo mitatu zisubiri mwezi wa pili au wa tatu. Kutoka nje ya uzio kuje baadaye, na mtu na farasi mwingine mtulivu mbele. Kuruka vizuizi ni mazungumzo ya mwaka, si ya wiki.

Anayeona ratiba hii ni ndefu amfikirie Lis Hartel wa Denmark. Alipata polio mwaka 1944 akabaki na miguu iliyopooza chini ya magoti. Mwaka 1952, Helsinki, alishinda medali ya fedha ya Olimpiki katika mchezo wa mafunzo ya farasi (dressage), na nyingine ya fedha mwaka 1956, huku akihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka. Kati ya ugonjwa na medali ya kwanza ni miaka minane.

Katika wiki hizo za mwanzo mwalimu asisimame katikati ya uwanja tu. Asimame nyuma ya farasi anapoondoka, atazame mstari wa kati wa tandiko dhidi ya mkia. Aliyeumia mguu wa kulia hukanyaga zaidi kikuku cha kushoto bila kujijua, tandiko huteleza kushoto, farasi huanza kuegemea kulia ili kujihimili, na baada ya wiki chache farasi naye ana mgongo unaouma upande mmoja. Kumwambia mpandaji "kaa katikati" hakusaidii, maana anaamini yuko katikati. Msaidie kwa kumpa kitu cha kuhisi: aweke viganja chini ya makalio, kila upande, farasi akitembea, alinganishe uzito unaokandamiza mkono huu na ule. Mara nyingi hushangaa. Kwa goti au nyonga inayouma kukunjwa, teremsha vikuku tundu moja au mawili, vyote viwili sawa. Usimpe mtu kikuku kimoja kirefu ili kufuata upande unaouma, ila kama mtaalamu wa fiziotherapia amesema.

Nimeuacha woga mwisho, ingawa ndio hutumiwa kuutetea ushauri ule wa kupanda papo hapo. Woga baada ya kuumia ni kumbukumbu ya mwili, na hauondoki kwa kukemewa. Mwaka 2009 watafiti wa Uswidi walichapisha jaribio ambapo watu waliongoza au kupanda farasi njia ileile mara kadhaa, na mara ya mwisho waliambiwa kwamba mwavuli utafunguliwa ghafla mbele ya farasi. Mwavuli haukufunguliwa kabisa. Hata hivyo mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi, ambao hawakuambiwa kitu, yalipanda pia. Basi kumlazimisha mtu aliyejawa hofu apande ni kumpandisha hofu farasi naye, na kuwaachia wote wawili wasuluhishe wakiwa juu ya mchanga.

Hofu hufanya mambo yanayoonekana: pumzi hushikwa, mabega hupanda, mwili hujikunja kama wa mtoto tumboni, macho huganda shingoni mwa farasi. Kila kimoja kina kinyume chake. Vuta pumzi kwa hatua nne za farasi, itoe kwa hatua sita. Ukishindwa kuhesabu, imba au ongea na mwalimu, kwani anayeimba hawezi kushika pumzi. Tazama juu ya masikio ya farasi hadi kwenye uzio. Na usiseme tu "naogopa", taja hasa. Unaogopa kugeuka kwenye kona ile? Anapoinua kichwa? Wakati wa kuvusha mguu? Hofu yenye jina hukatwa vipande: leo ni kufika kona hiyo ukiongozwa, wiki ijayo ukiwa peke yako. Kama ajali inarudi ndotoni au inakujia mchana bila kuitwa, na mwezi umepita, hapo anahitajika mshauri wa afya ya akili, na mwalimu wa farasi asijifanye anaweza kazi hiyo.

Fundisha pia kuanguka na kusimamisha. Kuanguka hufundishwa juu ya godoro la mazoezi, na wanaofundisha judo wanalijua vizuri: kidevu kifuani, mikono ikunjwe isinyooshwe mbele, bega litangulie, bingirika mbali na kwato, achia hatamu. Mkono ulionyooshwa ndio huvunja kifundo na mtulinga. Kumsimamisha farasi aliyechachamaa kwa hatamu moja, yaani kumgeuza kichwa pole kwa pole hadi anazunguka duara dogo na kusimama, kufanyiwe mazoezi katika mwendo wa kutembea, mara nyingi, kulia na kushoto. Ukimvuta ghafla namna hiyo akiwa kwenye shoti anaweza kupoteza miguu na kukuangukia; katika kasi hiyo mpeleke kwenye duara pana, uliminye taratibu.

Kwa wenye mabanda nina ombi. Fomu zenu huuliza mtu amepanda miaka mingapi. Ongezeni maswali mengine: umeumia nini, lini, unatumia dawa gani, nani amekuruhusu, mara ya mwisho kupanda ilikuwa lini. Mtu mwenye uzoefu wa miaka 20 aliyekaa nje miwili si mwanafunzi mpya wala si yule wa zamani. Kichwa chake kinajua kuliko mwili unavyoweza, na pengo hilo ndilo linaloumiza. Kabla hajapanda, mwalimu na mpandaji wakubaliane neno moja la kusitisha, neno ambalo likitamkwa farasi anasimamishwa, mtu anashuka, na hakuna anayeuliza sababu hadi farasi awe ametolewa tandiko.

Mwalimu wa kupanda farasi